Muembe wa lupango: kukata matawi ni makuta ngapi, na namna gani muti usife

Wasomaji wetu wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi, Kambove na Kolwezi, leo tunazungumza juu ya ule muti mukubwa ulio nyuma ya nyumba yenu. Tuko mwezi wa tisa. Jua ni kali, vumbi iko kila mahali, na jakaranda zinaanza kutoa maua barabarani. Lakini sisi wote tunajua kinachofuata. Mvua za kwanza hazikuji polepole. Zinakuja na upepo na radi, na upepo ule unapiga miti iliyokaa miezi tano bila maji, yenye matawi makavu juu na muzigo wa matunda machanga.

Kila mwaka njo wakati ule tunasikia habari za tawi lililoanguka juu ya mabati, juu ya jikoni ya mama, juu ya ukuta wa jirani. Mara ingine ni juu ya mutu. Na kila mara wenye lupango wanasema neno moja: tulikuwa tunajua, tulikuwa tunangojea makuta.

Ni juu ya ile makuta tunaandika leo. Familia nyingi za wafanyakazi wa mugodi hazikatae kutunza muti. Zinaogopa bei, ao zinakosa kujua bei inatoka wapi, kisha zinamuchukua kijana yeyote anayepita na panga. Kijana anapanda, anakata kila kitu, anaondoka. Muti unabaki sawa nguzo. Mwaka ule hakuna maembe, na miaka mitatu nyuma hatari inarudi, tena imezidi ile ya kwanza. Tuone basi namna ya kutumia makuta kidogo na kupata kazi nzuri.

Muti ule ni mali

Miembe ya kambi na ya site ilipandwa na wazee wetu. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na muji wa Élisabethville, njo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Watu walitoka mbali kuja kazini, wakajenga, wakapanda miti ya matunda kando ya nyumba. Muembe ukitunzwa unaweza kupita miaka 100. Kwa hiyo muti unaoegemea ukuta wenu leo, pengine ni babu yenu aliyeutia katika udongo, na wajukuu wenu wanaweza kula matunda yake.

Zamani, wakati kambi ilikuwa mukononi mwa kampuni, muti ukizidi mutu alikwenda kusema kwa shefu wa kambi. Leo nyumba nyingi ziko mikononi mwa familia zenyewe. Mwenye nyumba njo mwenye muti, na mwenye muti njo mwenye hatari.

Tusisahau faida yake. Kivuli cha muembe kinafanya nyumba ya mabati iweze kukaliwa mwezi wa kumi, wakati joto linapita kipimo. Papa aliyefanya kazi ya usiku anapata mahali pa kulala mchana. Matunda yanakuja mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, Noeli iko karibu, na mama anaweka beseni mbele ya mulango anauzisha. Mutu anayekata muti mzima juu ya kuogopa tawi moja, anatupa vyote hivi pamoja.

Gonga muti sawa unavyogonga paa ya mugodi

Ninyi wenye kufanya kazi chini ya udongo mnajua hii vizuri kuliko fundi yeyote wa miti. Hakuna mutu wa mugodi anayeingia chini ya paa ambayo haijagongwa. Mnachukua baramina, mnapiga jiwe, mnasikiliza. Sauti ikiwa ngumu, jiwe limeshika. Sauti ikiwa sawa ngoma, jiwe limeachana na wenzake, linangojea tu saa yake.

Muti ni vile vile. Chukua nyundo, zunguka shina, piga polepole toka chini mpaka pale mukono unafika. Ukisikia sauti ya ngoma, ndani kuna pango. Pango dogo si kifo cha muti, lakini ni lazima kujua kwamba liko.

Kisha angalia kwa macho, na usiangalie matunda. Angalia mambo haya:

Tawi lisilo na majani. Muembe na muavoka haiachi majani yote kwa mara moja wakati wa kipwa. Tawi likikauka peke yake katikati ya majani mabichi, limekufa. Hilo ni la kwanza kuondoa.

Pale matawi makubwa mawili yanapoachana sawa herufi V. Ukiona ufa pale, ao maji meusi yanatoka, pale muti unapasuka polepole.

Uyoga kwenye shina ao kwenye mizizi. Uyoga unakula mbao ndani. Nje muti unaonekana mzima, ndani umeoza.

Njia za udongo za mchwa zinazopanda shina. Mara nyingi mchwa wanafuata mbao iliyokwisha kufa. Wanakuonyesha mahali pa kutafuta.

Udongo ulioinuka upande mmoja wa shina, na muti ambao mwaka jana ulikuwa wima na mwaka huu umelala kidogo. Hii ni hatari kubwa kuliko zote. Mizizi imeanza kuachilia. Hapo si kazi ya kukata matawi tena. Ni kuita fundi mwenye kujua, aseme kama muti unabaki ao unaondoka, na watoto wasilale upande ule wa nyumba kabla ya kusikia jibu lake.

Kwa wale wanaosema tawi moja ni kitu kidogo, tufanye hesabu. Tawi lenye upana wa sentimita 30 na urefu wa metre 5, likiwa bichi, lina kilo karibu 300. Ni sawa mifuko sita ya simenti. Hesabu mifuko sita ya simenti imefungwa pamoja, inaanguka toka juu ya paa. Hakuna mabati yanayoizuia.

Kata nini sasa, na ngojea nini

Hapa watu wengi wanapotea, kwa sababu muembe una kalenda yake. Kwetu huku unatoa maua katika miezi ya kipwa, toka mwezi wa sita mpaka wa nane, na maua yale yanatoka kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Ukikata ncha mwezi wa tano, umekata maembe ya Noeli. Ukikata mwezi huu wa tisa, unaangusha matunda machanga.

Kwa hiyo tunagawanya kazi mara mbili.

Sasa, mbele ya mvua, ondoa paka kile kinachoweza kuua ao kubomoa: matawi makavu, tawi lenye ufa, tawi lililolala juu ya mabati, na lile linalokaribia waya za umeme. Ni kazi ndogo. Mara nyingi ni matawi matatu ao mane.

Kisha, matunda ya mwisho yakishuka, mwezi wa kwanza ao wa pili, chagua siku isiyo na mvua ufanye kazi ya pili: kupunguza uzito, kufungua katikati ili upepo upite, kushusha kidogo urefu wa matawi yaliyokwenda mbali. Wakati ule muti una maji na nguvu. Utatoa majani mapya, na majani yale yatakomaa mbele ya maua ya kipwa. Vile hupotezi mavuno.

Muavoka unataka adabu zaidi. Mbao yake ni laini, inavunjika haraka, na ganda lake haliwezi jua. Ukifungua sana, jua linachoma matawi yaliyokuwa kivulini, ganda linapasuka. Kata kidogo baada ya kuvuna, na matawi yaliyobaki wazi uyapake chokaa iliyochanganywa na maji. Ile rangi nyeupe inarudisha jua nyuma.

Ekaliptusi ni habari ingine. Inakwenda juu sana, na hata ukiikata chini shina linatoa vichipukizi tena. Karibu na nyumba ni muti wa wasiwasi. Kama iko na metre 20 na nyumba iko metre 5, usimutume mutoto wa jirani na shoka.

Na kwa muti wowote, shika sheria moja: usiondoe zaidi ya robo moja ya majani mabichi kwa mara moja. Majani njo jikoni ya muti. Ukiondoa mbabula zote ndani ya nyumba, nani atapika bukari?

Namna ya kukata tawi kubwa

Papa akiwa mwenyewe na nguvu na tawi liko chini, anaweza kufanya. Akimulipa mutu, anaweza kuangalia kama anafanya vizuri. Kwa namna zote mbili, mambo ni haya.

Panga si chombo cha tawi kubwa. Panga inapasua, inaacha kidonda chenye nyuzi, maji yanaingia, uyoga unafuata. Tumia musumeno wenye meno makali.

Tawi kubwa linakatwa mara tatu. Mara ya kwanza kata toka chini, sentimita 30 ao 40 mbali na shina, uingie paka robo ya unene. Mara ya pili kata toka juu, mbele kidogo ya pale ulikata chini. Tawi litaanguka lenyewe, na ganda halitapasuka mpaka kwenye shina. Wale wanaokata mara moja toka juu, tawi linashuka na ngozi ya muti, sawa mutu anayechuna mbuzi. Mara ya tatu ondoa kile kipande kilichobaki.

Na kipande kile ukiondoe wapi? Angalia pale tawi linatoka shinani. Kuna uvimbe kidogo, sawa kola ya shati. Kata nje ya kola ile, karibu nayo, lakini usiiguse. Ndani yake mna nguvu ya kufunga kidonda. Ukikata kola, kidonda kinakuwa kikubwa na hakifungi. Ukiacha kipande kirefu sawa kitundikio cha kofia, kipande kitaoza na uozo utaingia shinani.

Tena, usikate kichwa cha muti. Watu wengi wanaomba hii: katia huko juu, muti uwe mufupi. Muti uliokatwa kichwa unatoa vichipukizi vingi vinavyokwenda juu haraka. Vimeshikwa paka na ngozi, havina muzizi ndani ya mbao. Miaka michache, vimekuwa vizito, na upepo wa kwanza unavishusha. Ukitaka muti upungue, kata tawi refu pale linapokutana na tawi dogo lenye afya, lile dogo lichukue mahali pake.

Mafuta ya motere, rangi ao lami juu ya kidonda hazisaidii. Muti unajifunga wenyewe kama umekatwa mahali pazuri.

Bei inatoka wapi

Hatuandiki hapa bei moja, kwa sababu bei ya Kolwezi si ya Kambove, na bei ya mwezi huu si ya mwezi ujao. Lakini tunaweza kuwaambia fundi anahesabu nini akiinua macho juu ya muti wenu. Ukijua hesabu yake, unaweza kuzungumza naye bila hasira.

Anahesabu urefu na upana. Muti unaofikiwa na ngazi ni bei moja, muti wa kupandwa na kamba ni bei ingine.

Anahesabu kile kilicho chini. Tawi linaloweza kuanguka huru katika shamba la muhogo ni kazi ya dakika kumi. Tawi lile lile juu ya mabati ni kazi ya saa mbili: ni kulifunga kamba, kulikata vipande vipande, kushusha kila kipande na watu wawili chini. Mara nyingi hii njo inapandisha bei kuliko urefu. Kwa hiyo ondoa mwenyewe kile unaweza: hamisha jikoni ya nje, beseni, banda la kuku, pikipiki. Kila kitu unachoondoa ni saa moja unayookoa.

Anahesabu umeme. Waya zikiwa karibu, kazi inasimama mpaka kuran ikatwe.

Anahesabu afya ya muti. Muti uliooza ni hatari kupanda, na fundi mwenye akili atauliza zaidi ao atakataa. Usimucheke. Anajua anachofanya.

Anahesabu vyombo. Musumeno wa motere unakula esanzi na mafuta. Kama muti ni mmoja na matawi ni mane, musumeno wa mukono unatosha, na bei inashuka.

Mwisho anahesabu takataka. Nani atakata matawi madogo, nani atayabeba, yatakwenda wapi? Hapa njo ugomvi mwingi unaanza. Papa alifikiri bei ni pamoja na kusafisha, fundi alifikiri ni kukata tu, na lupango inabaki imejaa majani juma nzima.

Usilipe kwa kuni

Sasa tunakuja kwa jambo ambalo linaharibu miti mingi kuliko mvua. Makala imekuwa ghali, misitu kuzunguka Lubumbashi imekwisha mbali, na mutu anapita anasema: Mama, sitaki makuta yako, nipe tu kuni. Mama anafurahi. Kazi ya bure!

Haiko ya bure. Mutu anayelipwa kwa kuni atakata kuni. Matawi makavu na madogo, yale yaliyokuwa hatari, hayana faida kwake. Atakata matawi manene yaliyo mabichi, yale yaliyobeba muti, kwa sababu njo yanajaza gunia. Hatumusemi kuwa mwizi. Umemupa mushahara ndani ya unene wa matawi, naye anatafuta mushahara wake. Makosa iko ndani ya mapatano yenyewe.

Fanya kinyume. Lipa kazi kwa makuta, hata kidogo, na kuni zibaki zako. Kisha ukipenda, umupunguzie makuta kwa kumupa kuni zilizokwisha kukatwa, baada ya wewe mwenyewe kumuonyesha tawi kwa tawi yanayokatwa. Chukua kipande cha chokaa ao rangi, tia alama. Lisilo na alama halikatwi.

Na kulipa kwa siku je? Anayelipwa kwa siku anaweza kuongeza siku. Anayelipwa kwa muti anaweza kukimbia kazi. Kwetu tunaona bora kulipa kwa kazi iliyoandikwa: matawi mangapi, yepi, na kusafisha. Toa sehemu ndogo asubuhi, na sehemu kubwa jioni, wakati lupango imekwisha safi.

Hesabu ya miaka 12

Tufanye mfano kwa siku za kazi, ili kila mutu atie bei ya mahali pake. Huu ni mfano tu wa kuonyesha njia.

Lupango ya kwanza inatunza muembe wake kila miaka mitatu. Kila mara ni watu watatu, siku moja. Ni siku tatu za kazi. Katika miaka 12 wanafanya mara nne: siku 12 za kazi, zilizolipwa kidogo kidogo.

Lupango ya pili inangojea. Miaka 12 inapita, matawi yamefunika nyumba mbili. Sasa ni watu watano, siku nne, na kamba na musumeno wa motere. Ni siku 20 za kazi, za kulipwa pamoja, juma moja. Tia juu yake mabati yaliyovunjika siku moja ya mvua, na mavuno yaliyopotea kwa sababu muti ulikatwa sana kwa mara moja.

Nani alitumia makuta mingi? Ni yule aliyesema hana makuta.

Tunajua mushahara unakuja na mashimo yake: minerval, dawa, unga. Kwa hiyo tunatoa shauri ingine. Nyumba nne za avenyu moja zinaweza kumuita fundi mmoja kwa siku mbili. Ngazi na kamba zinabebwa mara moja, esanzi inanunuliwa mara moja, na fundi anapunguza kwa sababu kazi inafuatana. Wenye likelemba wanaweza kupanga zamu moja ya mwaka kwa miti. Wamama wengi wanaoshika likelemba wanajua kupanga hii kuliko sisi.

Karatasi, jirani na sheria

Wengi wanafikiri tawi likianguka ni kazi ya Mungu, hakuna wa kulipa. Sheria ya kwetu haiseme vile. Code civil, kitabu cha tatu, iliyotoka na dekreti ya tarehe 30 julai 1888 na inayotumika mpaka leo, inasema katika kifungu cha 260 kwamba mutu anajibu hata kwa hasara inayoletwa na vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Muti wa lupango yako uko chini ya ulinzi wako. Kama jirani alikuonya juu ya tawi kavu, nawe ukanyamaza, siku ya kuanguka itakuwa nguvu kusema ni upepo.

Ukiwa wewe njo jirani unayeogopa, usipande ukuta na panga usiku. Enda mchana, piga hodi, salimia kwanza. Sema: Mama, tawi ya muembe wenu imefika juu ya jikoni yetu, watoto wanacheza pale, tufanye namna gani? Mara nyingi mwenye muti anaona haya, na bei inagawanywa mara mbili. Akikataa, mupeleke kwa shefu wa kartie mbele ya hasara, si nyuma.

Muti ulio barabarani, nje ya lupango, si wako hata kama baba yako njo aliupanda. Pita kwanza komini uulize.

Na fundi, andikianeni karatasi ndogo. Majina, tarehe, muti gani, matawi gani, nani anabeba takataka, kuni ni za nani, bei, na nani analipa bati likivunjika. Mistari saba inatosha. Kama hataki kuandika, mutafute mwingine.

Umeme na usalama

Hapa hatuchekeshe. Tawi bichi linabeba umeme. Ukiona tawi limegusa waya, hakuna wa kuligusa, hata na ubao, hata na viatu vya kazi. Ita watu wa SNEL wakate kuran, na kazi ianze tu baada ya wao wenyewe kusema imekatika. Jirani kusema «kuran imekwenda» haitoshi. Inaweza kurudi wakati mutu iko juu. Waya iliyoanguka chini, uihesabu kuwa na umeme, ondoa watoto mbali.

Kofia ya kazi ambayo papa anavaa mugodini, avae pia yule anayesimama chini ya muti. Kamba ya kujifunga mwilini na kamba ya kushusha matawi ziwe mbili mbalimbali. Kamba iliyochakaa haiingii kazini. Ngazi ifungwe juu kwenye shina. Hakuna kupanda muti uliolowa, hakuna kupanda kisha pombe, hakuna kupanda peke yako nyumbani wakati bibi amekwenda sokoni. Angalia kwanza kama kuna nyuki. Mutu mmoja abaki chini bila kazi ingine: kuangalia na kufukuza watoto.

Maji ya muembe yanachoma ngozi ya watu wengine, sawa moto. Vaa mikono mirefu, na ukishikwa nayo osha mbio na sabuni. Usichome majani mabichi ya muembe ndani ya lupango. Moshi wake unaweza kuwasha macho na kifua.

Kisha kukata

Kazi haimaliziki siku ya musumeno. Usichome takataka chini ya muti. Moto unaua ganda, na muti unaweza kufa polepole kwa upande ule. Usipigilie misumari ya kamba ya nguo. Zungusha kamba na kitambaa, na uifungue kila mwaka, isije ikaukaba muti. Ukimwaga simenti, acha udongo wazi kuzunguka shina, maji ya mvua yaingie. Ukichimba shimo la choo ao musingi wa ukuta, kaa mbali na mizizi minene. Mutu anayekata mizizi ya upande mmoja leo, upepo utamuangushia muti upande wa pili kesho.

Majani yaliyoanguka yarudishe chini, yaoze pale, lakini yasiguse shina. Wakati wa kipwa, muti uliokatwa mwaka huu unapenda maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Vichipukizi vilivyotoka pembeni ya kidonda, viondoe na mukono vikingali laini. Mutoto wa miaka kumi anaweza kufanya hii, na ni bure.

Baba na mama, tunawaomba jambo moja kwa juma hili. Jumapili, kisha misa ao ibada, zungukeni muti wenu pamoja na watoto. Gongeni shina, inueni macho, hesabuni matawi makavu. Kama hakuna, furahini na mungoje maembe. Kama yako mawili, tafuteni fundi sasa, wakati bado hawajaitwa kila mahali. Siku ya mvua ya kwanza kila mutu atakuwa anawatafuta, na bei yao itakuwa imepanda pamoja na mawingu.